Vijiumbe vya majaruba ya chumvi: timu ya Malindi na ya Lamu zipike chungu kimoja

Mwanafunzi akitajiwa bayolojia sintetiki, yaani kuunda upya viumbe kwa kubadilisha jeni zao, huwaza E. coli, na si kosa lake, kwani zana karibu zote zimechongwa kwa ajili ya bakteria huyo. Lakini Malindi ina wageni wengine mlangoni. Pandeni hadi majaruba ya chumvi ya Gongoni au Marereni wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua hakuna, mtazame yale mabwawa ya mwisho yaliyokaribia kuganda chumvi. Yakiwa ya waridi, sehemu kubwa ya rangi ile huwa ni arkea (vijiumbe wa seli moja wasio bakteria) wapenda chumvi, jamaa wa Haloferax volcanii, aliyepatikana Bahari ya Chumvi na kutangazwa mwaka 1975.

Kiumbe asiyezoeleka hana kitabu cha mapishi. Timu moja ikimfuga peke yake haitajua kama ilichokiona ni tabia yake au ni kasoro ya meza yao. Kwa hiyo Malindi waanze, Lamu warudie bila kuonyeshwa majibu, halafu daftari zilinganishwe. Habari ya jeni ije baadaye.

Karatasi kwanza. Pateni ruhusa ya mwenye majaruba, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) cha kuchukua rasilimali za kijenetiki. Siku mtakapotaka kubadilisha jeni, hata ndani ya maabara, idhini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibiolojia inatangulia, kwa Sheria ya 2009. Anzeni mapema.

Bwawani, jazeni chupa safi za mililita 50, mwandike joto la maji, saa na kiwango cha chumvi. Vipimachumvi vingi vya mkononi havifiki asilimia 30. Chukueni sehemu moja ya maji ya bwawa, ongezeni tatu za maji yaliyotoneshwa, kisha mzidishe jibu kwa nne. Maji hayo ya kupimia yamwageni, maana hayana tena kiumbe wa kufuga.

Sababu ni hii, na ishikeni kuliko yote: maji matamu huwapasua. Ndani ya seli mmejaa chumvi ya potasiamu, na nje zikikosa chumvi hupasuka mara moja. Mwanafunzi akizimua sampuli kwa maji ya kawaida ili aisome kwenye spektrofotometa (mashine ya kupima ukungu kwa mwanga) kwa nanomita 600, ukungu hutoweka mbele ya macho yake naye huandika kwamba hakukuwa na ukuaji. Kuzimua, kuosha na kuweka sifuri ya mashine vyote vifanywe kwa maji ya chumvi yaleyale ya chakula chao. Hata rangi ya Gram ya kawaida, ile ya kutazamia vijiumbe kwa hadubini, huwaharibu, kwa hiyo washikizeni kwanza kwenye kioo kwa asidi ya asetiki ya asilimia 2.

Chakula cha Haloferax, kwa lita moja: sodiamu kloraidi g 144, magnesi kloraidi yenye maji sita g 18, magnesi salfeti yenye maji saba g 21, potasiamu kloraidi g 4.2, na ml 12 za Tris (kemikali ya kutuliza pH) ya 1 M (mola moja kwa lita), pH 7.5. Ongezeni dondoo ya hamira g 5, peptoni g 1 na kasamino asidi g 1. Chemsheni kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu), acheni kipoe, ndipo mtie ml 6 za kalsiamu kloraidi ya 0.5 M. Mkiitia kabla, mtapata mashapo meupe. Kwa sahani za kuoteshea, tieni agari (unga wa kugandisha chakula) g 15 hadi 20, na iyeyusheni kwenye maji kabla ya kuongeza chumvi, kwani kwenye chumvi nyingi huyeyuka kwa shida. Wanaotoka mabwawa makali zaidi huenda wakakataa chakula hiki. Waandalieni kingine chenye sodiamu kloraidi g 250, bila magnesi kloraidi.

Peptoni nayo ina fitina. Baadhi ya chapa hubeba asidi za nyongo, na nyongo huwayeyusha arkea hawa. Timu zote mbili zinunue kopo la chapa moja, ikiwezekana la toleo moja, la sivyo mtagombana mwezi mzima kwa kosa la dukani.

Wekeni sahani kwenye joto la nyuzi 45 za Selsiasi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, maana hukauka upesi. Aina za maabara huota kwa siku tatu hadi tano. Za mwituni zipeni wiki mbili. Chembe ya chumvi hufanana na koloni (kundi la seli lililoota pamoja) kwa mtazamo wa haraka. Iguseni kwa kijiti cha meno: chumvi ina pembe na hukwaruza, koloni ni laini na huacha alama nyekundu kijitini.

Kupeleka Lamu ni rahisi kuliko mnavyodhani, kwa kuwa hawa huishi ndani ya matone yaliyonaswa kwenye fuwele za chumvi. Kaushieni ml 1 ya mchuzi wao kwenye kifuniko cha sahani, uwe ule wa g 250 usio na magnesi kloraidi, kwani hiyo hufyonza unyevu na kwa hewa yetu ya pwani haitakauka kamwe. Fungeni fuwele kwenye kichupa pamoja na silika jeli, kiende kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti. Lamu waziyeyushe taratibu kwenye ml 10 za chakula. Hii ni kwa vijiumbe wa asili tu. Aliyebadilishwa jeni hapandi basi bila idhini.

Mkifikia jeni, msianze na kiumbe wenu wa Gongoni. Jifunzeni kwa Haloferax volcanii wa maabara. EDTA, kemikali inayonasa metali, hunyang'anya magnesi inayoshika ganda la protini la seli, kisha PEG 600, aina ya polima, huingiza plasmidi (kipete kidogo cha DNA). DNA ipitishwe kwanza kwenye E. coli asiye na dam (jeni ya kutia DNA alama za methili), kwani Haloferax hukatakata DNA yenye alama ile. Antibiotiki ampisilini haitawasaidia kuchagua waliopokea plasmidi, kwa sababu hawana ukuta wa peptidoglikani, ambao ndio dawa hiyo huulenga. Tumieni antibiotiki nyingine, novobiosini, mkianza na maikrogramu 0.3 kwa mililita. Kabla ya hapo kila timu ipime vijiumbe wake wa asili kwa 0.1, 0.3, 1 na 3. Anayeota vizuri kwenye 3 mwacheni, maana hamtaweza kumtenganisha aliyepokea plasmidi na asiyepokea.

Vyombo vyote viende otoklevu kabla ya kutupwa. Kuvimwagia maji ya bomba huwaua arkea, lakini DNA yao hubaki.