Kuonyesha nyota kwa leza ya kijani bila kumuumiza mtu: hatua ninazofuata Mbeya

Nafundisha fizikia sekondari, upande wa Uyole. Kila kipupwe, anga la Mbeya linapotakata, nawatoa wanafunzi uwanjani niwaonyeshe Msalaba wa Kusini na Nge. Kidole hakitoshi: wewe unaonyesha nyota hii, mtoto aliye kushoto kwako anaangalia nyingine kabisa. Leza ya kijani inamaliza ubishi huo mara moja. Lakini kifaa hichohicho kinaweza kumharibia mtoto jicho asipone tena, na walimu wenzangu wakinipigia simu swali la kwanza huwa, "Madam, ipi ina nguvu zaidi?" Mimi nataka uanze kwingine. Ukiwa na giza la kutosha, kifaa kilichokingwa na baridi na watu waliopangwa vizuri, nguvu ya miliwati 5 (miliwati ni sehemu ya elfu ya wati) inatosha kabisa.

Hatua ya 1: Nunua ndogo

Soma kibandiko, utafute daraja la usalama la leza. Daraja la 2 haizidi miliwati 1. Ikimpiga mtu machoni kwa bahati mbaya, kope hufumba ndani ya robo sekunde na jicho likasalimika. Daraja la 3R hufika miliwati 5. Hii ndiyo ninayotumia, na inataka mkono wa mtu mzima. Kuanzia 5 hadi 500 ni 3B, na hapo kufumba macho kunaweza kuwa kumechelewa. Muuzaji akikusifia kuwa yake inawasha kiberiti, ondoka, hata akikupunguzia bei.

Nyekundu usihangaike nayo. Jicho la binadamu huona kijani cha nanomita 532 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi) kwa mwangaza wa karibu mara nane ya nyekundu ya nanomita 650 yenye nguvu ileile. Hewa yenyewe nayo hutawanya kijani hicho zaidi ya mara mbili ya nyekundu, na ule mstari tunaouona angani ni mwanga uliotawanywa na hewa na vumbi ukaturudia.

Hatua ya 2: Ipime kwa CD kabla ya kuitumia mbele ya watoto

Hapa naomba usiruke hata sentensi moja.

Leza nyingi za 532 hazitoi kijani moja kwa moja. Ndani kuna diodi, kifaa kidogo cha kielektroniki, inayotoa mwanga wa nanomita 808, usioonekana (mwanga wa aina hii huitwa infraredi). Mwanga huo unachochea fuwele itoe wa nanomita 1064, nao hauonekani. Fuwele ya pili inaukata urefu wa wimbi nusu, ndipo kijani kinapatikana. Kifaa kilichotengenezwa vizuri kina kichujio mbele cha kuzuia masalia ya mwanga huo usioonekana. Vya bei chee vingine havina. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani walieleza kuhusu leza moja ya bei rahisi ambayo kijani chake kilikuwa hafifu, kumbe inatoa karibu miliwati 20 za infraredi. Kope hazifumbi kwa mwanga ambao jicho halijauona.

Anza na simu. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele, bonyeza. Taa ya rimoti ikimeta kwenye skrini, kamera hiyo inaona infraredi. Isipometa, azima simu nyingine.

Sasa chukua karatasi nyeupe ngumu, toboa tundu dogo katikati, isimamishe sentimita 10 mbele ya CD, upande unaong'aa ukielekea karatasi. Leza iwe nyuma ya karatasi, umeibana isitikisike, ipite tunduni na kuipiga CD kwa unyoofu. Mistari myembamba ya CD itaupasua mwanga na kuurudisha kwenye karatasi. Usiitazame CD, tazama karatasi tu. Utaona nukta ya kijani kama sentimita 3 na nusu kutoka tunduni, na nyingine karibu na sentimita 9. Katikati yao karatasi ni tupu.

Piga picha ya karatasi. Kama kwenye picha pana doa au ukungu kwenye sentimita 6 hivi, mahali ambapo macho yako hayaoni kitu, hiyo ndiyo 808 inayovuja. (Ya 1064 huangukia palepale kwenye nukta ya pili ya kijani, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta.) Moja niliyonunua mjini, kibandiko kikisema chini ya miliwati 5, ilionyesha doa jeupe pana kama ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimeidharau kwa sababu kijani chake kilikuwa dhaifu. Niliifungua nikakata nyaya zake siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Ikinge na baridi

Fuwele zile hazipendi baridi. Kule Kitulo, Julai, niliwahi kubonyeza na kisitoke kitu, watoto wamesimama wananiangalia. Tangu hapo leza yangu hukaa kwapani, ndani ya koti, mpaka dakika ya kuitumia. Washa sekunde 10, zima, irudishe kwenye joto. Betri ziwe mpya. Leza za nanomita 520 zinazotoa kijani moja kwa moja kutoka kwenye diodi huvumilia baridi zaidi, ukizipata.

Hatua ya 4: Wapange watu

Chagua usiku usio na mbalamwezi, mkae gizani dakika 20 macho yazoee. Wote wasimame nyuma yako, bega kwa bega. Aliye mbali nawe pembeni huona mstari hafifu unaokatika kabla ya kufika kwenye nyota, na ndiye atakayeuliza, "Madam, mbona umeishia pale?" Msogeze karibu.

Kaeni mbali na madirisha, mabati na magari. Mwaka wangu wa kwanza tulisimama nyuma ya bweni. Nilishusha mkono kabla ya kuachia kitufe, mwale ukagonga kioo cha dirisha ukarudi kifuani kwa mwanafunzi. Kifuani, Mungu saidia. Sasa naachia kitufe kwanza, ndipo mkono unashuka.

Hatua ya 5: Angalia ndege, kisha washa

Tangu 2012 tuna uwanja wa Songwe, na ndege zinapita juu yetu. Mwale wa leza ya kawaida hutanuka karibu mita moja kwa kila kilomita, hivyo ukimfikia rubani haumfikii kama nukta. Unajaa kioo chote cha mbele, na miliwati 5 za kijani zinaweza kumvurugia umakini kutoka zaidi ya kilomita 3. Mimi humweka mwanafunzi mmoja kazi yake iwe kutazama taa zinazotembea angani tu. Akisema "ndege", nazima hata kama niko katikati ya maelezo.

Usiiweke leza juu ya nyota kwa muda mrefu. Izungushe pembeni yake, zima, waulize wameiona ipi.

Hatua ya 6: Ukimaliza

Toa betri papo hapo uwanjani, kabla ya kuanza kuhesabu wanafunzi. Betri mfuko mmoja, leza mfuko mwingine, na funguo ya kabati ninakofungia vyote viwili nalala nayo mimi.