Kuchagua programu ya bure ya kuandikia msimbo

Anza na kompyuta uliyonayo, ndipo uangalie sifa za programu. Mashine yenye RAM ya GB 4 huelemewa haraka na Visual Studio Code ukifungua na kivinjari pembeni, kwa sababu imejengwa juu ya Electron, yaani inabeba injini nzima ya kivinjari ndani yake. Hapo chukua Notepad++, ambayo ni ya Windows tu, au Geany, inayofanya kazi hata kwenye Linux. Ukiwa na GB 8, chukua Visual Studio Code bila kusita. Atom, programu nyingine ya aina hii, iache: ilifungwa Desemba 2022.

Word usiitumie kamwe. Hugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na Python, lugha ya kuandikia programu, hugoma palepale.

Ukishasakinisha, hakikisha faili zinahifadhiwa kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) na kitufe cha Tab kinaweka nafasi 4. Ukichanganya Tab na nafasi katika bloku moja (kundi la mistari ya msimbo inayokwenda pamoja), Python inaweza kukupa ujumbe wa kosa uitwao TabError ingawa kwa macho mistari imenyooka. Kwenye Notepad++ fungua View, kisha Show Symbol, kisha Show All Characters: Tab itaonekana kama mshale, nafasi kama kitone.