Laptopu ya zamani: uipeleke dukani uongezee hela, au utafute mteja mwenyewe?

Ukiingia na laptopu yako ya zamani kwenye duka la kompyuta Kariakoo ukauliza wataichukua kwa shilingi ngapi, jibu utakalopewa halikusaidii kitu mpaka ujue jambo moja: ile unayoitaka wangekuuzia bei gani kama ungekuja na hela taslimu. Muuzaji anaweza kuipa ya kwako bei ya kukufurahisha, kisha akajirudishia hela yake kwenye bei ya ile unayochukua. Utaondoka umeridhika na hutajua ulipigwa wapi.

Kwa hiyo safari ya kwanza nenda mikono mitupu. Chagua mashine unayoitaka, bargeni mpaka mwisho kabisa, andika bei hiyo kwenye simu pamoja na modeli, RAM na ukubwa wa diski. Fanya hivyo kwenye maduka matatu. Safari ya pili ndiyo uende na ya kwako.

Tuseme walianza na 950,000, ukabana mpaka ikafika 870,000 taslimu. Unarudi na ya zamani, wanakwambia: "Ya kwako tunaichukua kwa 300,000, ongeza 650,000 tu." Toa ile hela unayoongezea kwenye bei ya taslimu: 870,000 toa 650,000 ni 220,000. Hiyo ndiyo bei waliyokupa. Ile 300,000 waliyoitaja iache hukohuko.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Ukitafuta mteja mwenyewe, tuseme utaiuza 310,000. Ondoa nauli na bando za kuhangaika na wateja, 15,000. Ondoa chaja, kama ya kwako imefungwa solotepu na lazima ununue nyingine, 30,000. Kama umempitishia winga (dalali), ondoa chake pia. Bila winga unabaki na 265,000, yaani 45,000 zaidi ya dukani. Kwa 45,000, pamoja na wiki mbili za kupokea simu za watu wanaouliza bei ya mwisho kabla ya salamu, sisi tunasema malizana na duka. Tofauti ikifika 100,000, tafuta mteja. Katikati hapo inategemea muda wako, na kama unaweza kukaa bila mashine au la.

Tatizo la wengi ni kwamba ile 310,000 wameitoa kwenye matangazo ya mtandaoni. Bei ya tangazo ni bei ya kuanzia. Tafuta matangazo matano ya modeli ileile, acha la juu kabisa na la chini kabisa, chukua wastani wa yaliyobaki, kisha punguza kati ya asilimia 10 na 15. Tangazo lililokaa mwezi mzima bila kununuliwa linakufundisha bei ambayo watu wameikataa.

Jua ulichonacho

Kitu cha kwanza ni kizazi cha prosesa, na siku hizi ndicho kinacholigawa soko sehemu mbili. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiondoa modeli chache za kizazi cha 7. Kukijua ni rahisi: soma tarakimu inayofuata baada ya kistari, na ikiwa ni 1 soma mbili za kwanza. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zina jina moja lakini hazina bei moja. Ya kwanza ni kizazi cha 6, ya pili kwa kawaida ni cha 8.

Ya kizazi cha 8 kwenda juu, yenye RAM ya GB 8, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na bodi safi, usiikimbize dukani. Hiyo ina wateja, na duka litaichukua kwa bei ya chini kwa sababu na wao wanataka kuiuza wiki hiyohiyo. MacBook Air yenye chipu ya M1 ni hivyohivyo. Ya kizazi cha 4 au cha 5 yenye RAM ya GB 4, pengo kati ya duka na mteja ni dogo, isipokuwa ukijua pa kuipeleka: kibanda cha kuingiza nyimbo na muvi kwenye flashi hakihitaji Windows 11. Kinahitaji diski kubwa na USB zinazoshika. Laptopu nzito ya inchi 15 yenye diski ya TB 1, ambayo mwanafunzi hataki kuibeba mgongoni, mwenye kibanda anaiona mali.

Cha pili ni betri, na hapa usikisie. Fungua dirisha la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia), kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itatengeneza faili la battery-report.html ndani ya folda yenye jina lako la mtumiaji. Lifungue, tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani uwezo wake leo. Kama wa kwanza ni 46,500 mWh na wa pili ni 29,800, betri imebaki na asilimia 64. Juu ya 70 ni ya kujivunia kwenye tangazo. Chini ya 40, mwambie mteja mapema kwamba itakaa kwa umeme.

Halafu pitia yale ambayo fundi wa duka atayapitia: kila kitufe cha kibodi ukiandika kwenye Notepad, kila tundu la USB kwa flashi, kamera, spika zote mbili, Wi-Fi ukiwa mbali kidogo na ruta, na kioo kikiwa na picha nyeupe tupu ili madoa yaonekane. Fungua na kufunga mfuniko polepole huku ukitazama bawaba. Ikilia, au plastiki ya kona ikinyanyuka, huenda skrubu zimeshang'oka ndani, na fundi wa duka ataitazama hapo kabla ya kitu kingine.

Touchpad ikigoma kubonyea, au laptopu ikikaa mezani inayumba kama meza mbovu, huenda betri imevimba. Hiyo usiuze ikiwa hivyo, kwa mtu yeyote. Ikitobolewa inaweza kushika moto. Mpelekee fundi aitoe. Mashine nyingi huwaka kwa chaja tu bila betri, na unaweza kuiuza hivyo ukisema wazi.

Utengeneze nini kabla ya kuuza

Kama inakwenda dukani, usitengeneze chochote. Ifute vumbi basi. Duka lina fundi wake na vifaa vya bei ya jumla, na hawatakulipa hela uliyotumia.

Kama unatafuta mteja mwenyewe, matengenezo yanayorudisha hela ni machache. La kwanza ni kutoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD ya GB 256. Mashine iliyokuwa inachukua dakika mbili au tatu kuwaka inawaka kwa sekunde kadhaa, na mteja anaona kwa macho yake. Ile diski uliyoitoa inabaki kwako na siri zako zote. Itie kwenye kava la USB, unapata diski ya nje. La pili ni kuongeza RAM kutoka GB 4 kwenda 8 kama ndani ya mashine kuna nafasi wazi ya kuichomeka. Betri mpya ya kopi mara nyingi hairudishi gharama yake. Kioo kilichopasuka ndiyo kabisa: mafundi wanazinunua mashine za aina hiyo kwa ajili ya spea, na bei ya kioo kipya inaweza kuimeza faida yote.

Ukiamua dukani

Taja kasoro zote mwanzoni. Kasoro atakayoigundua fundi wao katikati ya mazungumzo inashusha bei zaidi ya ile uliyoitaja mwenyewe, kwa kuwa sasa wanashuku zote. Hili ni kweli hasa kwa tatizo linalokuja na kuondoka, kama kioo kinachozima ukikunja mfuniko. Mwambie. Anayenunua baada yako ni mtu kama wewe.

Na mashine unayopewa ikague kwa ukali uleule walioikagulia ya kwako. Wengi wanasahau hapa, furaha ya kitu kipya inawaziba macho. Endesha ile amri ya betri palepale kaunta. Ingia BIOS (mpangilio wa mashine unaofunguka kabla ya Windows) uone kama haina nywila ya msimamizi. Laptopu nyingi za mtumba zimetoka maofisini Ulaya, na ikija na nywila isiyojulikana utabaki huwezi kubadilisha mpangilio wowote. Garantii ya mdomo haina nguvu: waandike kwenye risiti ya EFD au karatasi yenye muhuri ni ya muda gani, inahusu nini, na namba ya mashine, ile inayoanza na S/N chini ya bodi.

Jihadhari na pendekezo la "tuachie, ikiuzwa tutakupigia". Hiyo ni mali kauli, na laptopu yako itatumika kama ya maonyesho, kioo kikipata mkwaruzo hakuna wa kumuuliza. Kama huna budi, andikishaneni bei yako ya chini na tarehe ya kuichukua.

Ukiamua kutafuta mteja

Wakati una bei yake. Vyuo vinapofunguliwa, Oktoba na Novemba, na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) linapotoka, wanafunzi wanatafuta laptopu kwa haraka. Januari kila mwenye hela anawaza ada, usitangaze kama unaweza kusubiri.

Tangazo liwe la kumaliza maswali:

"HP EliteBook 840 G5. i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Betri asilimia 71, ripoti ipo. Chaja yake halisi. Mkwaruzo kona ya kulia ya mfuniko, angalia picha ya 5. 560,000. Nipo Mbezi, unaikagua kabla ya kulipa."

Picha ziwe sita, za asubuhi karibu na dirisha: mfuniko, kibodi ikiwa imewaka, ukurasa wa sifa za mashine, ripoti ya betri, kasoro, na chini ya bodi huku namba ya S/N umeifunika. Bei weka juu ya unayoitaka kwa asilimia 10 hivi. Mtu akiuliza bei ya mwisho kwenye simu, mjibu aje aione kwanza. Ukishuka kwenye simu, akifika atashusha tena.

Kutaneni mchana, ndani ya ukumbi wa benki au kwa wakala mwenye watu, na si nyumbani kwako. Malipo ya simu usiyaamini kwa meseji peke yake. Meseji za bandia zinaandikwa vizuri mno. Angalia salio lako mwenyewe, kwa M-Pesa ya Vodacom ni *150*00#, na salio liwe limepanda kweli. Mtumaji anaweza kuomba muamala urudishwe, hivyo zitoe kwa wakala au zihamishie benki mkiwa bado pamoja. Akisema ametuma zaidi kwa bahati mbaya na anaomba umrudishie chenji, simama hapo hapo mpaka uone salio.

Andikishaneni nakala mbili: majina, namba za NIDA, simu, modeli, S/N, bei, tarehe, sahihi. Karatasi hiyo inamlinda yeye asiambiwe ameiba, na inakulinda wewe mashine ikija kukutwa kwenye kosa.

Kuifuta, njia zote mbili

Fanya jana yake, si mbele ya mteja. Hamisha mafaili yako, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye diski ya nje uhakikishe yanafunguka. Toka kwenye akaunti ya Chrome, kwenye Office, na kwenye WhatsApp kupitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa iliyo ndani ya simu yako.

Kama ni Windows Pro yenye SSD, washa kwanza BitLocker (kufuli la Windows linalofunga data kwa msimbo) na uiache imalize. Kwenye SSD kufuta kwa kuandika juu hakufikii kila mahali, lakini data iliyofungwa kwa msimbo haisomeki tena ufunguo ukipotea. Kisha nenda Settings, System (kwa Windows 10 ni Update & Security), Recovery, Reset this PC, chagua Remove everything, na ndani ya mpangilio washa Clean data. Kwa diski ya kuzunguka ya GB 500 kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati na betri haishiki, mashine inaweza kugoma kuwaka kabisa, na itakubidi uweke Windows upya kwa flashi ya GB 8. Chagua muda ambao umeme wa kwenu ni wa uhakika.

Kwa Mac za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, na zote za M1 kuendelea, toka iCloud kwanza. Usipotoka, aliyeinunua ataifuta na itamdai nywila yako. Atakupigia usiku, na atakuwa na haki. macOS Monterey na za baada yake zina Erase All Content and Settings, inayofanya yote kwa pamoja.

Mteja atataka kuijaribu, kwa hiyo iwashe upya kwa akaunti isiyo ya kwako. Windows 10 inakuruhusu kuruka hatua ya intaneti. Windows 11 hudai akaunti ya Microsoft, fungua ya muda. Mkishamalizana, ingia kwenye akaunti yako halisi ya Microsoft ukiwa kwenye simu, fungua orodha ya vifaa, na uiondoe ile laptopu.