Joto la bruda: kulea vifaranga mpaka miili yao ijimudu

Kuku mkubwa ana joto la mwilini la nyuzi 41 hivi za Selsiasi, na hubaki hapo hapo iwe Julai ya Njombe au Februari ya Dar es Salaam. Baridi ikimzidi hutunisha manyoya, misuli hutetemeka na mishipa ya damu ya miguuni hujibana ili joto lisipotee. Joto likimzidi huachanisha mabawa na kuhema, kwa kuwa kuku hatoki jasho.

Kifaranga wa siku moja, mwenye gramu 40 hivi, bado hajaweza hayo vya kutosha. Manyoya yake laini hayazuii baridi, misuli haizalishi joto la kutosha, na umbo dogo hupoteza joto haraka. Ukimweka kwenye banda lenye nyuzi 20 bila chanzo cha joto, mwili wake utaanza kupoa. Uwezo wa kujimudu hujengeka wiki mbili hadi tatu za mwanzo, na huimarika kadiri manyoya halisi yanavyoota. Bruda, yaani sehemu iliyozungushiwa na yenye chanzo cha joto ya kulelea vifaranga, inashika nafasi ya mama katika kipindi hicho.

Wengi hukosea kwa kutaka joto lilingane kila kona ya bruda. Kifaranga anayo njia moja ya kujirekebisha inayofanya kazi vizuri tangu saa ya kwanza, nayo ni miguu yake: akiona baridi anasogelea moto, akiona joto anaukimbia. Ukimnyima pa kukimbilia, umemnyima njia kuu aliyonayo. Kwa hiyo weka chanzo cha joto katikati, pembeni pawe na ubaridi kiasi.

Kwa vifaranga 100, chukua hadbodi moja ya futi 4 kwa 8, ipasue kwa urefu upate vipande viwili vya futi 2 kwa 8. Viunganishe ncha kwa ncha viwe duara. Utapata upana wa mita 1.5 hivi, unaotosha wiki ya kwanza. Baada ya hapo ongeza kipande kingine, kisha kingine, maana wanakua kwa kasi. Duara ni la lazima. Kwenye pembe vifaranga hurundikana wakati wa baridi na wa chini hufa kwa kukosa hewa.

Sakafuni mwaga maranda makavu, kina cha sentimita 5 hadi 10. Usitumie vumbi la mbao, watalila. Sakafu ya saruji isiyo na maranda ya kutosha hunyonya joto kupitia miguuni hata kama hewa ya juu ina joto zuri, na hapo ndipo watu hushangaa kipimajoto kinasema sawa huku vifaranga wanalia.

Washa joto saa 24 kabla hawajafika, ili maranda nayo yapate moto. Taa ya joto ya wati 250 inatosha vifaranga 50 hadi 100 kutegemea ubaridi wa mahali. Ining'inize sentimita 45 hadi 60 juu ya maranda kwa mnyororo au waya, kamwe usitumie kamba inayoweza kuungua. Balbu za kawaida za zamani pia hutoa joto. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii: mwanga upo, joto hakuna.

Anayetumia mkaa auwashie nje mpaka uwe mwekundu wote, usio na moshi, ndipo aingize jiko. Liweke juu ya matofali, lifunike kwa chungu, lizungushie wavu. Juu ya ukuta wa banda acha uwazi wa hewa usiku na mchana, hata kama nje kuna baridi kali. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na banda lililozibwa kwa turubai kila upande linaweza kuua vifaranga wote, na hata mlinzi aliyelala humo.

Kipimajoto kining'inizwe sentimita 5 juu ya maranda, usawa wa mgongo wa kifaranga, kwenye ukingo wa eneo la joto. Kilichotundikwa ukutani kinapima joto lako wewe. Wiki ya kwanza lenga nyuzi 33 hadi 35, wiki ya pili 30 hadi 32, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki mpaka ufike 21. Tarakimu hizo ni za kuanzia tu. Mwenye kauli ya mwisho ni kifaranga.

Mtazame kabla hajakuona. Wakijibana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi: shusha taa kidogo au ongeza mkaa. Wakijipanga ukutani mbali na taa, midomo wazi, mabawa yameachana, kimya, joto limewazidi: pandisha taa. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaopenya upande wa pili. Tafuta tundu lenyewe, kuongeza moto hakutasaidia. Wakisambaa, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo, usiguse kitu.

Kipimo kingine: shika kifaranga, gusisha nyayo zake shavuni mwako. Zikiwa za baridi, mwili umeshaondoa damu miguuni ili kuokoa joto la ndani. Huyo hatakula. Ndiyo maana jioni ya siku ya kwanza unapaswa kupapasa magole (vifuko vya chakula chini ya shingo) ya vifaranga 10 hadi 20 kutoka sehemu mbalimbali. Gole laini lililojaa maana yake amekula na kunywa, gumu, amekula bila maji, tupu, hajaanza. Kufikia asubuhi karibu wote wawe wamejaa. Kiini cha yai kilichobaki tumboni humshikilia siku mbili tatu tu, hivyo aliyepoa siku ya kwanza mara nyingi hufa siku ya nne au ya tano, na mfugaji hulaumu chakula.

Maji yawe ya vuguvugu, vyombo viwili vya lita 3 au 4, na pasiwe na kifaranga anayetembea zaidi ya mita moja kuyafikia. Usiviweke chini ya taa moja kwa moja. Kifaranga anayehema hupoteza maji kwa pumzi, na kama maji yenyewe yamechemka hatayanywa. Miguu iliyosinyaa na kukauka ni dalili ya ukosefu wa maji.

Kinyesi kikigandia nyuma, kilainishe kwa maji ya uvuguvugu, usikivute, mkaushe kabla ya kumrudisha. Kisha kagua joto, kwa sababu baridi au joto kupita kiasi ni chanzo cha kawaida. Kwa kuku wa nyama, hasa nyanda za juu, baridi ya wiki za mwanzo huacha deni: mwili unaochoma chakula kutafuta joto unahitaji oksijeni nyingi, moyo unazidiwa, na baadaye utaona matumbo yaliyojaa maji.

Saa kumi alfajiri ndiyo saa ya kukagua, si saa mbili usiku. Kwa umeme unaokatika, weka tayari chupa za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa, au jiko la akiba. Pwani wakati wa kiangazi hali hugeuka: mchana unaweza kuzima taa kabisa tangu wiki ya kwanza ikiwa wamesambaa vizuri, ukawasha jioni.

Kuondoa joto anza na mchana. Wakizoea siku tatu nne, zima na usiku, ukiangalia wanavyolala: kuku waliolala wametawanyika wameshajitosheleza, waliorundikana bado. Usizime siku ya chanjo wala siku ya kuhamisha banda. Na ukishazima, acha taa ikiwa imening'inia pale pale wiki moja zaidi, kwa ajili ya usiku wa mvua.