Fungua poti moja tu: kuona kamera na kuwasha taa za nyumbani ukiwa mbali

Kabla hujafungua poti yoyote, yaani mlango wa ruta unaopitisha mawasiliano kutoka nje, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kibandiko cha chini ya ruta kitakwambia. Tafuta anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani wa intaneti, uiandike. Kisha, ukiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, iulize Google anwani yako ya IP ni ipi. Zikilingana, endelea. Zikitofautiana, simama hapo. Ukiona ya ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni inayokuuzia intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayofungua haitafika popote hata ukeshe. Ruta za laini ya simu mara nyingi ziko hivyo. Waombe anwani ya umma, au tumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa siri, ambayo haikudai kufungua poti yoyote.

Sasa poti ipi? Hapa ndipo ninapobishana na mafundi wenzangu. Wao hufungua 8000 ya kamera za Hikvision, 37777 ya kamera za Dahua, 554 ya picha, na 8123 ya Home Assistant, programu ya kuendesha taa na vifaa vya nyumbani. Mteja anaona picha, wanalipwa, wanaondoka. Mimi sifanyi hivyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilizoa kamera na mashine za kurekodia kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba mwaka huohuo vifaa hivyo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, tovuti kubwa zikawa hazifunguki. Mwaka 2021 likatangazwa tundu la kamera za Hikvision, CVE-2021-36260, ambalo halikudai hata neno la siri: aliyeufikia ukurasa wa kamera aliweza kuitawala yote. Marekebisho yalitolewa, lakini ni nyumba ngapi unazozijua ambako mtu huingia kwenye kamera kuweka programu mpya? Na kamera hiyo inatazama watoto wako wakicheza uani.

Fungua UDP 51820 ya WireGuard, basi: programu inayoiunganisha simu yako na mtandao wa nyumbani kwa njia iliyofungwa kwa ufunguo wa siri. Anayebisha hodi bila ufunguo sahihi hajibiwi kabisa, kwa hiyo wanaopekua poti za watu hawajui hata kama kuna kitu.

Kama Home Assistant yako iko kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iongezee WireGuard humohumo. Halafu ipe Raspberry Pi anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.0.50. Kwenye TP-Link Archer pita Advanced, Network, DHCP Server, hadi Address Reservation. Usiruke hatua hii. Umeme ukikatika na kurudi, kifaa kinaweza kupewa anwani nyingine, na poti yako ikawa inaelekea kwenye televisheni.

Nenda NAT Forwarding, kisha Port Forwarding. Archer za zamani huandika Virtual Servers. Poti ya nje 51820, ya ndani 51820, anwani 192.168.0.50, itifaki UDP. Ukiiacha kwenye TCP, itifaki nyingine, haitafanya kazi. Papo hapo zima UPnP, maana inakiruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kukuuliza. Na kama anwani yako ya umma hubadilika, huduma ya DuckDNS itakupa jina la bure litakaloifuata.

Kujaribu, zima Wi-Fi ya simu utumie data. Usitegemee tovuti za kupima poti: nyingi hupima TCP, na WireGuard haimjibu mgeni, hivyo zitakwambia pamefungwa wakati pako sawa. Washa WireGuard kwenye simu, kisha andika http://192.168.0.50:8123 kana kwamba uko sebuleni. Ikifunguka, na kamera zitafunguka kwa anwani zake za ndani, hata uwe Mwanza.

Kila simu ipe ufunguo wake. Moja ikiibwa Kariakoo, unafuta ufunguo wa hiyo peke yake, na za wengine nyumbani zinaendelea kama kawaida.