Fupisha hatua unapopanda mlima

Kwa wenzangu mnaokimbia kwenye miinuko ya Bukavu, nawapa mbinu niliyoipata kwa kumtazama Johannes Høsflot Klæbo wa Norwe, bingwa wa Olimpiki mwaka 2018 wa mbio fupi za skii (mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji) kwa mtindo wa klasiki, ambao skii huenda sambamba mbele. Mlima unapokuwa mkali, yeye huacha kuteleza na kuanza kukimbia juu ya skii zake kwa hatua fupi za harakaharaka. Mnapopanda kutoka ziwani kuelekea Kadutu, fupisheni hatua, mguu utue chini ya nyonga wala si mbele yake, na mikono ipige upesi, kwa maana miguu huifuata mikono. Kwenye mwinuko kasi hupungua mara tu msukumo unapokwisha, hivyo hatua ndefu huacha pengo ambamo mwendo hufifia, ilhali hatua fupi huleta msukumo mpya kabla kasi haijapotea. Kwenye theluji kuna faida ya ziada: uzito ukishuka wima juu ya skii, nta iliyopakwa chini ya mguu hushika vizuri na skii hairudi nyuma.

Lakini mbinu hii hula pumzi vibaya sana. Klæbo huimudu kwa sababu mbio zenyewe ni za kilomita 1 hadi 1.8 hivi, na mlima wake huisha upesi. Kwenye mpando mrefu itawakausha kabla ya kufika juu. Kwenye tambarare pia haifai, na hata yeye hapo hurudi kujisukuma kwa fimbo zote mbili anazoshika mikononi.