Asali ikiganda, usiitupe

Ukikuta asali yako imeganda na kufanya chengachenga kama sukari, usikimbilie kusema imechakachuliwa. Asali ni hasa sukari mbili, glukosi na fruktosi, zilizobanana kwenye maji machache sana, kwa kawaida chini ya asilimia 20. Maji hayo hayatoshi kuishikilia glukosi yote, hivyo taratibu hujitenga na kuwa fuwele. Ndiyo maana asali ya alizeti, yenye glukosi nyingi, huganda ndani ya wiki chache tu, na ile yenye fruktosi nyingi hukaa ikiwa majimaji kwa miezi mingi. Kwa hiyo kuganda au kutoganda hakukuambii kama asali ni halisi.

Ukitaka ilainike, weka chupa ndani ya maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, ukoroge mara kwa mara, na uwe na subira. Tafadhali usiichemshe! Moto mkali unaharibu vimeng'enya (protini ambazo nyuki huziongeza kwenye asali) na kufukuza harufu ya maua, na hiyo harufu ndiyo utamu wenyewe. Au uile hivyohivyo ilivyoganda. Kwenye mkate inapakika vizuri zaidi.

Kifuniko kikaze daima. Asali hunyonya unyevu wa hewani, na ikishalowana huanza kuchacha.

Jambo moja zito: mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali hata ya kulamba, iwe imeganda au la. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa hatari wa sumu unaopoozesha misuli), ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia.